Mlio Katika Chumba cha Raheli

Chumba kilikuwa cha binti yake, Shukrani, kabla hajaondoka kwenda kusomea ualimu Korogwe. Raheli alikigeuza studio kwa mikono yake mwenyewe. Kwanza alipigilia trei za mayai ukuta mzima, kama alivyoona kwa wengine, akakuta hazisaidii kitu. Sauti iligonga ukuta na kurudi vilevile. Akazibandua zote kwa siku moja, akashuka sokoni Lushoto, akarudi na mablanketi mazito ya mitumba. Akayatundika kwenye fremu za mbao, akaacha nafasi ya upana wa kiganja kati ya blanketi na ukuta. Godoro la zamani likaziba dirisha. Tangu hapo mtu akiimba mle ndani, maikrofoni ilichukua sauti yake tu, bila mwangwi, bila jogoo wa jirani. Mvua tu ndiyo iliyomshinda. Ikianza kugonga bati, walizima kila kitu, wakanywa chai, wakangoja.

Kungoja ndiko kulikomtesa. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na sidhani kama kuna mtu pale kijijini Yoghoi aliyewahi kumwona akikaa kitini mpaka kikombe kikaisha. Miaka kumi na minane yeye na mumewe Clemence walikuwa wakikodisha vyombo vya muziki: harusi, mahafali, mikutano ya injili, kampeni. Clemence aliendesha pikapu na kubeba spika, Raheli akakaa kwenye mikseri, meza ya kupangia sauti. Baadaye wanamuziki wadogo wadogo wa milimani, wasio na mtu wa kuwasimamia wala njia ya kufika Dar, wakaanza kumwomba awarekodi. Akarekodi kwaya, vijana wa bongofleva, mzee mmoja wa Mlalo mwenye zeze. Watu wakawa wanaelekezana, nendeni kwa Mama Shukrani.

Mwaka huo alikuwa na kazi ya Yusra, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa Lushoto kutoka Tanga mjini. Yusra alitunga nyimbo zake mwenyewe, akaimba na gitaa, na alitaka nyimbo nane zikamilike ili aziweke mtandaoni kwa jina lake. Walirekodi kila Jumamosi kuanzia Januari. Ilikuwa kazi nzuri. Yusra hakuwa na haraka, na sauti yake ilikuwa na kitu kama kukwaruza kidogo mwishoni mwa neno, ambacho Raheli alikipenda tangu siku ya kwanza.

Jumamosi moja ya Februari, Yusra alipokuwa amenyamaza kati ya ubeti na ubeti, Raheli alisikia kitu kwenye hedifoni. Ulikuwa mlio mwembamba, wa juu sana, kama mbu aliyesimama hewani asitue. Akasimamisha kazi. Akamvalisha Yusra hedifoni, akamwuliza anasikia nini. Yusra akasikiliza, akasema hasikii kitu. Raheli akajisemea kwamba huyu ni mwimbaji tu, hajazoea kusikiliza kimya.

Kwenye kompyuta, mstari wa sauti mahali pale ulikuwa umelala bapa. Haukuonyesha chochote. Hilo nalo Raheli alilipatia jibu: mashine haina masikio ya kutosha.

Akaanza kuutafuta. Alibadilisha nyaya moja baada ya nyingine. Alipigilia nondo ardhini nyuma ya nyumba na kuvuta waya mpaka chumbani, umeme wa ziada upate pa kwenda. Alichomoa friji. Aling'oa taa zote za chumbani akarekodi kwa mwanga wa mlango. Alimpandisha Clemence darini kukagua maungio ya umeme, Clemence akashuka na buibui kichwani akisema kila kitu ni kizima. Aliazima hedifoni nyingine, na mlio ukawa mle vilevile. Hata kitandani aliusikia, akasema unapenya ukuta kutoka chumba cha pili.

Ndipo alipomkumbuka jirani yake, Masudi. Masudi alikuwa na mashine ya kutotoleshea vifaranga, ameiunda mwenyewe kwa friji bovu, balbu na feni ndogo, na ukuta wake ulitazamana na ukuta wa studio. Mwezi wa nne Raheli alipokuwa tayari kuchanganya sauti za nyimbo za Yusra, alikwenda kumwomba azime ile mashine mchana, kwa muda wa kazi tu. Masudi alimtazama kidogo, akakubali. Akazima siku nne mfululizo, tangu asubuhi hadi jioni, na ilikuwa wiki ya ukungu na mvua nyepesi, baridi imeingia hadi kwenye mifupa. Katika mayai tisini yakaanguliwa kumi na moja. Masudi hakuja kulalamika. Raheli aliambiwa na Clemence, naye akasema pole, lakini akili yake ilikuwa kwingine, maana kwa siku zote nne mlio haukupungua hata kidogo.

Nyimbo zikakamilika hivyohivyo. Yusra akazichukua Ijumaa, na Jumatatu akarudi akitoka shuleni, vumbi la chaki bado mkononi. Alimwamkia, akakaa.

"Mama Shukrani, samahani sana," akasema. "Kila neno lenye 's' linakata kama wembe. Nimesikiliza kwenye gari la mwenzangu, kwenye redio ya nyumbani, kwenye simu. Kote ni hivyo."

Raheli alimjibu kwamba spika za magari ni za ovyo, na simu ndiyo kabisa. Hata hivyo alizifungua tena zile nyimbo, akapunguza sauti za juu kidogo, akamtumia. Yusra akasema bado. Akapunguza tena, na sasa kwa masikio yake nyimbo zikawa zimefifia, kama mtu anayeimba amejifunika shuka. Yusra akasema bado zinakata. Mara ya tatu akaomba, kwa adabu, apewe sauti zilivyorekodiwa kabla ya kuchanganywa, ampelekee fundi mmoja wa Tanga. Raheli aliumia. Akamwambia asubiri wiki moja, kwamba kuna hitilafu ya umeme kwenye chumba na ameshakaribia kuipata.

Aliamini hivyo. Na ili kuithibitisha aliamua kwenda mahali ambapo hakuna umeme kabisa. Jumatano, mvua ilipokata, Clemence alimpeleka na pikapu kupita Magamba, hadi kwenye uwazi mmoja pembeni ya msitu ambako hapapiti hata nguzo. Raheli alisimamisha maikrofoni kwenye majani, akafungua kompyuta kwa betri, akavaa hedifoni. Clemence alibaki garini. Kulikuwa na ukungu, na maji yalidondoka kutoka kwenye miti taratibu. Alisikia matone hayo. Alisikia ndege mmoja mbali. Na juu ya vyote hivyo, palepale pake, akausikia ule mlio.

Akachomoa waya wa maikrofoni. Mlio ukabaki. Akazima kompyuta, ukabaki. Akavua hedifoni, akaziweka kwenye majani mabichi mbali na yeye kama kitu kinachouma, akasimama mikono mitupu katikati ya uwazi ule. Mlio ulikuwa naye.

Clemence akatoa kichwa dirishani, akauliza kama ameupata.

"Nimeupata," Raheli akasema. Akakusanya vyombo, wakarudi bila yeye kuongeza neno.

Alikaa na siri ile siku kumi. Kila mahali palipotulia palikuwa pabaya. Kanisani, mchungaji aliposema tuombe kwa ukimya, aliinuka akatoka nje kana kwamba ana simu. Shambani alipalilia harakaharaka ili asikie jembe. Alihamishia redio chumbani na kuiacha ikisema usiku kucha, mpaka Clemence alipomwuliza kulikoni. Akamwambia kwa Kishambaa, kwa sababu kwa Kiswahili maneno yalikuwa yanamgomea. Clemence alisikiliza mpaka mwisho, akasema wiki ijayo wanashuka Tanga kwa basi.

Hospitalini walimpokea katika idara ya masikio. Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Shamsa. Alimwingiza Raheli kwenye kijumba kidogo chenye kioo, kuta zake zimevikwa sponji, akamvalisha hedifoni, akampa kitufe mkononi. Kila akisikia sauti, hata iwe ndogo vipi, abonyeze. Raheli alitazama zile kuta akaona zimefanywa vizuri kuliko zake. Miaka yote yeye ndiye aliyekaa upande wa mashine.

Sauti nzito alizisikia zote. Za kati alizisikia. Kisha ukaja ukimya wenye mlio wake tu ndani, na kupitia kioo aliona kidole cha Shamsa kikibonyeza mashine. Hakusikia kitu. Kidole kikabonyeza tena, na tena hakusikia kitu. Mara iliyofuata, alipoona kidole kinashuka, naye akabonyeza. Akafanya hivyo tena na tena, akijua anachokifanya, akishindwa kuacha, kama mwanafunzi anayechungulia daftari la mwenzake.

Shamsa akafungua mlango. Hakukasirika.

"Mara tatu umebonyeza, mama, na mimi nilikuwa sijatoa sauti yoyote. Nilishusha kidole tu."

Akamgeuzia kiti ili Raheli atazame ukuta, wakaanza upya.

Walipomaliza, Shamsa alimwonyesha karatasi. Mistari miwili, ya sikio la kulia na la kushoto, ilikwenda sawa hadi katikati, kisha ikaporomoka kama barabara ya kushukia Mombo. Wa kushoto uliporomoka mapema zaidi na kwenda chini zaidi. Shamsa alieleza kwamba sikio limechoshwa na kelele za miaka mingi, sauti za juu kabisa ndizo zilizokwenda, na zikishakwenda hazirudi. Ule mlio haukuwa ugonjwa mwingine, bali kichwa chenyewe kinajitengenezea sauti mahali ambapo sikio halileti kitu. Dawa ya kuurudisha usikivu hakuna. Kilichobaki ni kuutunza uliopo.

Raheli akauliza kama kazi yake imekwisha.

"Kazi fanya," Shamsa akasema. "Ila zile sauti za juu kabisa usiziamue peke yako. Huzisikii, kwa hiyo utaziongeza mno."

Basi ndiyo maana. Alikuwa amepandisha makali ya nyimbo za Yusra hadi yeye mwenyewe akayasikia, na kwa mtu mwenye masikio mazima yakawa wembe.

Walipofika Mombo walishuka kungoja gari la kupanda mlimani. Clemence alinunua mahindi ya kuchoma, akayashika mkononi mpaka yakapoa. Ndipo akasema kwamba ni ile kebo. Kebo ya kuunganisha mikseri na spika ilikuwa fupi, na kwa sababu hiyo kila walikokwenda, miaka yote kumi na minane, meza ya Raheli ilikaa hatua tatu tu kutoka spika, na spika ilikuwa upande wake wa kushoto. Mara ngapi Raheli alimwomba wanunue ndefu, naye akasema msimu ujao. Walipanda kona zote, wakapita Soni, na Raheli alikuwa bado hajamjibu. Nyumbani alitua mkoba, akamwambia kwamba hata yeye Raheli angeweza kwenda dukani kuinunua na hakwenda. Hakusema kwa upole sana. Clemence akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, na jambo hilo halikuzungumzwa tena kwa muda mrefu.

Kesho yake Raheli alikwenda hadi Migambo kwa mama mmoja anayefuga kuku wa kienyeji wenye majogoo, akarudi na trei tatu za mayai amezifunga kwa kanga. Akampelekea Masudi. Alimweleza kila kitu akiwa amesimama mlangoni, kwamba mashine yake haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa ndani ya masikio yake mwenyewe, na kwamba anaomba radhi kwa vifaranga.

Masudi akazipokea zile trei moja moja, akaziweka kivulini. "Nilijua si mashine yangu," akasema. "Feni ile nimeifunga mwenyewe, hailii. Lakini jinsi ulivyokuwa unahangaika, nikaona nikikukatalia utanichukia."

Raheli akamwuliza kama anataka amsaidie kuyapanga mayai, na wakayapanga.

Kwa Yusra ndiko kulikokuwa kugumu. Alimfuata shuleni saa za mapumziko, wakasimama kando ya uwanja wa mpira wa pete. Alimweleza habari za Tanga, akamwonyesha ile karatasi. Yusra aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ulikuwa unajua siku uliyoniambia ni spika za gari?"

"Siku ile nilikuwa sijui," Raheli akasema. "Wiki iliyofuata nilijua, na sikukwambia."

Akamkabidhi flashi yenye sauti zote zilivyorekodiwa, nyimbo zote nane. Yusra alishukuru, akasema kengele imelia, akaenda darasani. Raheli alirudi Yoghoi kwa miguu, njia ndefu, akipita mashamba ya kabichi bila kuyaona.

Wiki tatu zikapita bila habari. Raheli alifua yale mablanketi yote ya studio, akayaanika, akayarudisha, akayashusha tena kwa sababu moja lilikuwa limepinda. Alikataa kazi mbili. Alipoulizwa sababu alisema ana mafua.

Kisha Jumamosi moja Yusra akaja, gitaa mgongoni. Fundi wa Tanga alikuwa amezifanya nyimbo mbili, vizuri tu, lakini kwa zile sita alimtaka angoje hadi mwezi wa tisa, naye hakuweza kushuka Tanga kila mara na huku ana madarasa ya mitihani. Zaidi ya hayo fundi yule alimsifu aliyerekodi, akasema sauti imekamatwa safi. Yusra alivuta kiti, akakiweka karibu na meza.

"Nitakaa hapa," akasema. "Ikikata, nitakuambia."

Walifanya kazi hiyo Jumamosi nne, mwezi wa sita na wa saba, wamevaa makoti kwa baridi. Haikuwa raha. Yusra hakujua majina ya vitu; alichojua ni kuinua mkono pale sauti ilipomchoma, na Raheli akapunguza, na Yusra akainua tena. Ilimuuma Raheli kupunguza kitu asichokisikia kwa kuamini mkono wa mtu. Mara kwa mara aliinuka, akazunguka nyumba mara moja, akarudi. Lakini sauti nzito na za kati zilikuwa bado zake, na huko hakumpa Yusra nafasi. Katika wimbo wa tano Yusra alitaka pumzi yake kabla ya kiitikio ifutwe, akisema inasikika kama amechoka. Raheli alikataa. Alisema mtu akisikiliza wimbo ule anangoja kiitikio, na pumzi ile ndiyo inayomwambia kwamba kinakuja. Walibishana hadi chai ikapoa. Pumzi ikabaki.

Nyimbo zilitoka mwishoni mwa Julai. Hazikuvuma nchi nzima, lakini wanafunzi waliziimba, na redio moja ya mkoani ilipiga mbili. Siku moja Raheli alikuwa sokoni Lushoto akinunua karoti, akasikia wimbo wa tano kutoka duka la vitambaa. Akasimama. Alijua kwamba sehemu ya wimbo ule inawafikia watu wengine pale dukani na haimfikii yeye, na kwamba itakuwa hivyo siku zote. Pumzi aliisikia. Akasimama hadi mwisho, muuza karoti akimngoja na chenji mkononi.

Mwezi wa nane wakaja watu watatu kutoka Gare, kijiji cha kwao Clemence. Aliyewaongoza ni Marta, kiongozi wa kwaya, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamuru. Walitaka kurekodi nyimbo kumi. Kabla chai haijamiminwa Raheli aliwaambia habari ya masikio yake: anachosikia, asichosikia, na kwamba katika kuchanganya sauti lazima mmoja wao akae naye. Aliyasema kwa haraka, kama mtu anayeruka mfereji. Wale watatu wakatazamana, wakaomba nafasi, wakatoka kwenda kusemezana nje kwenye maharage. Marta aliporudi alisema hawawezi kuamua bila wenzao. Watapiga simu.

Simu haikupigwa siku hiyo, wala kesho yake. Raheli alipalilia sehemu ambazo hazikuwa na magugu. Clemence alimwambia akae, akakaa, akainuka. Alhamisi jioni Marta akapiga, akasema wenzake wamekubali, ila wako thelathini na wawili na wamesikia chumba chake hakitoshi.

"Basi nitawafuata mimi huko kanisani," Raheli akasema.

Ijumaa walipakia vyombo kwenye pikapu. Kanisa la Gare lilikuwa tupu, mabenchi yamesogezwa pembeni, na mafundi wawili walikuwa nje wakipaka rangi dirisha. Raheli alisimama katikati akapiga makofi mara moja, akasikiliza sauti ikienda na kurudi. Akasogea hatua nne, akapiga tena. Alikwenda hadi altareni, akarudi hadi mlangoni, akapiga makofi kila pembe, mpaka wale mafundi wakachungulia. Clemence alikuwa ameshika kistendi cha maikrofoni, anangoja kuambiwa pa kukiweka.

"Hapo," Raheli akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Rudi nyuma kidogo. Tena."